Semina ya siku nzima haifundishi kazi

Na Rehema Mbwambo

Tuache kuwalaumu wafanyakazi kwamba hawasikilizi. Mkufunzi anaanza saa tatu asubuhi, chai inapita, chakula cha mchana kinapita, na saa tisa alasiri bado anasoma slaidi ukutani. Watu wakisinzia tunasema simu zimewaharibu.

Kosa liko kwenye ratiba. Mwaka 1978 Alan Baddeley na D.J.A. Longman walichapisha utafiti kuhusu wafanyakazi wa Posta ya Uingereza waliokuwa wakifundishwa kupiga chapa. Waliojifunza saa moja tu kwa siku waliimudu kibodi kwa takriban saa 35 za mazoezi. Wenzao, waliofundishwa kwa muda wa saa mbili asubuhi na nyingine mbili mchana, walihitaji takriban 50. Jambo linalonikera zaidi ni hili: kundi la saa moja ndilo lililoipenda ratiba yake kidogo zaidi, kwa kuwa lilihesabu siku likajiona linachelewa. Kwa hiyo zile fomu za tathmini tunazojaza jioni, kabla ya kusaini posho, zinapima furaha. Hazituambii nani ataikumbuka kazi mwezi ujao.

Wala dawa si kukatakata kila somo liwe video ya dakika tano. Mtafiti Neil Bradbury alipopitia ushahidi mwaka 2016 hakuona msingi imara wa dai kwamba usikivu wa mwanafunzi hukatika baada ya dakika 10 au 15. Fundi gari huinamia injini iliyogoma saa nzima bila kuigusa simu, maana tatizo liko mikononi mwake na jibu analitafuta mwenyewe. Mafunzo mengi ya kazini humnyima mtu nafasi hiyo.

Najua kikwazo: ukumbi hukodiwa kwa siku, na posho hulipwa kwa siku. Ndiyo maana maofisa rasilimali watu hawana budi kuibadili bajeti yenyewe. Muuguzi anayepokea mashine mpya wodini apewe nusu saa kabla ya zamu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, aiendeshe kwa mikono yake. Fedha ya ukumbi imlipe muuguzi mzoefu atakayesimama naye, na ambaye baada ya wiki mbili atarudi kumwambia: nionyeshe tena, bila kitabu.