Masalio ya Mishumaa Yasitupwe Shimoni

Bw. Mhariri, nipe nafasi nitoe dukuduku langu kuhusu kitu ambacho wengi watakiona duni: vigutu vya mishumaa.

Wasomaji wapenzi, mwajua vile stima hupotea hapa Embulbul, hasa mvua ikiteremka kutoka Milima ya Ngong. Tunawasha mishumaa darasani, prepu inaendelea, na stima ikirudi kila dawati limebaki na kipande cha nta. Siku hizi amri ni moja: vyote shimo la taka! Mimi naona amri hiyo ina haki nusu.

Nusu hiyo naikubali, tena kwa aibu, maana aliyeisababisha ni mimi. Muhula wa pili nilikuwa nikiyeyusha vigutu bwenini kwa siri katika mkebe wa kakao, nipate mshumaa wa bure. Nta ya mshumaa huyeyuka kwa joto la nyuzi 60 hivi, lakini mkebe ukikaa juu ya moto wenyewe, joto hupanda tu hadi mvuke wa nta unashika moto. Ukashika. Nami kwa ujuha wangu nikamwagia maji! Maji ni mazito kuliko nta, basi yalizama, yakageuka mvuke ghafla, yakarusha nta inayowaka kila upande. Kumbe dawa ilikuwa kufunika mkebe tu. Blanketi la jirani yangu liliungua, na nyusi zangu mlizicheka wiki mbili nzima. Kicheko kilikatika mtu alipotaja Hillside Endarasha, kule Nyeri, ambako moto wa bweni uliua wavulana 21 Septemba 2024. Bwenini nta isiyeyushwe wala mshumaa usiwashwe. Hapo sina ubishi.

Lakini kutupa je? La hasha! Nendeni jikoni alfajiri muone wapishi wetu wakihangaika na kuni mbichi. Wanawasha kwa karatasi za mkate za plastiki, moshi unanuka hadi darasani, au kwa mafuta ya taa, ambayo mwaka wa 2018 yaliongezewa ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita. Na huku nta inalala shimoni, bana!

Chukua unga wa mbao, ambao mafundi wa hapa hutoa bure. Ujaze katika vikombe vya trei ya mayai, ile ya karatasi, umwagie nta iliyoyeyuka, uache ipoe. Kila kikombe ni kiwashio. Nta iyeyushwe maabarani mbele ya mwalimu wa kemia, sufuria ndogo ndani ya kubwa yenye maji. Maji hayapiti nyuzi 100 (na kwenye mwinuko huu wetu huchemka hata kabla ya hapo), kwa hivyo nta haiwezi kufikia joto la kulipuka kama yangu.

Wala si ndoto za Alinacha. Huko Australia wanaoteleza juu ya mawimbi hupaka nta kwenye mbao zao ili miguu ishike. Ikichakaa wanaikwangua, na wengine huifanya viwashio. Sisi bahari hatuna, lakini baridi ya Julai tunayo. Nyanya yangu naye hupitisha uzi wa shanga juu ya kigutu ili usichanike wala kukwama. Likizo iliyopita aliniuliza kama shuleni kwetu hakuna vigutu. Nilikosa la kumjibu.

Ombi langu kwa walimu: sanduku moja mlangoni mwa kila darasa, na wapishi wajaribu viwashio mwezi mmoja tu. Wakivikataa, shimo bado lipo. Blanketi nimekwisha kulilipa. Masanduku nitayapigilia misumari mwenyewe. Fundi wa karibu na steji ameshaniahidi mbao.