Kuku 64, Usiku Mmoja wa Beltway

Wiki hii siandiki habari za shule wala za viza. Naandika habari za kuku. Najua baadhi yenu bado mnasubiri mayai, na mna haki ya kujua yalikopotelea.

Wengi wenu wa Maryland mnamkumbuka Mzee wetu wa Upper Marlboro, yule aliyekuwa akija na trei za mayai kwenye kila msiba na kila kikao cha harusi. Machi 2025, dazani moja ilipofika wastani wa dola 6.23 nchini kwa sababu ya mafua ya ndege, yeye hakuongeza hata senti. Juni yake, yeye na Bibi wakarudi Moshi moja kwa moja. Nyumba ilipata mnunuzi, gari likapata mnunuzi, kuku wakakosa. Kuwachinja Bibi alikataa kata kata. Mimi nikasema nitawachukua. Tumepanga nyumba yenye ekari 3 nje ya Poolesville, ndani ya eneo ambalo kaunti ya Montgomery ililitenga mwaka 1980 ili majumba yasimeze mashamba yote, kwa hiyo nafasi ipo. Mdomo wangu ulikuwa mwepesi. Mitetea 63 na jogoo mmoja!

Karatasi zilianza. Maryland, anayefuga hata kuku mmoja anatakiwa kujiandikisha Idara ya Kilimo ya jimbo. Msilione hili kuwa usumbufu. Januari 2025 mafua ya ndege yaligunduliwa kwenye shamba la kuku kaunti ya Caroline, ng'ambo ya ghuba ya Chesapeake, na wahusika wakijua nani anafuga wapi, wanajua pa kupiga simu. Sisi tulitoka Maryland kwenda Maryland. Mnaotaka kuvusha kuku kutoka Virginia, ulizeni daktari wa mifugo mapema, maana kuvuka jimbo kuna masharti yake ya afya.

Mzee alinipa maelekezo kabla hajaondoka. Wahamishe usiku, kwa sababu kuku gizani haoni na hana ubishi, unamtoa kwenye fito kama unavyochuma embe. Chakula wanyime jioni, maji usiwanyime. Mshike mabawa yote mawili ubavuni, usimning'inize miguu kichwa chini kama stendi ya basi. Akaongeza: "Na hewa, mwanangu. Hewa."

Hayo yote niliyasikia. La mwisho nililisikia kwa sikio moja.

Nilikodi lori la kuhamishia vyombo, lile lenye bodi iliyofungwa pande zote, kwa sababu niliogopa upepo wa barabara kuu ungewaumiza. Tulianza kushika kuku saa 3 na nusu usiku, giza lilipoingia vizuri. Binti yangu wa miaka 11 alishika tochi tuliyoifunga kitambaa chekundu. Kreti 9 za plastiki, kuku 7 kila moja, jogoo peke yake kwenye kasha la kubebea paka. Kazi ilikwenda kimya kimya, nikajiona fundi. Kreti nikazipanga tatu tatu hadi mwisho wa bodi, nikafunga mlango.

Kutoka Upper Marlboro hadi Poolesville ni kama maili 50. Unashika Beltway, unaizunguka kwa juu, unaliona lile hekalu jeupe la Wamormoni pale Kensington, halafu unaingia barabara ya 270. Mnaojua Juni ya huku mnajua joto lake, jua linazama na jasho linabaki. Tulipokaribia Gaithersburg binti yangu akasema, "Mama, mbona hawasemi kitu?" Nikamwambia wamelala. Akasema tena. Nikatoka barabarani nikaingia kituo cha mafuta, zaidi ili anyamaze.

Nilipofungua mlango, joto lilinipiga usoni kama nimefunua chungu. Kuku walikuwa midomo wazi, mabawa wameyatanua, wanahema. Kuku hatoki jasho. Anapoza mwili kwa kuhema, na hewa ikiwa ya moto na nzito, kuhema hakumsaidii. Vijana wawili wa Kiethiopia wa pale kituoni walikuja na mpira wa maji bila kuuliza swali. Tukalowesha sakafu ya bodi, tukawapa maji kwenye vifuniko vya ndoo. Shemeji alikuwa nyuma yetu na gari lake la familia. Akakunja viti, akawasha kipoza hewa mpaka mwisho, tukamhamishia kreti 5. Zilizobaki nikazisogeza mlangoni, na bodi tukaifungia kwa kamba mlango ukiwa nusu wazi.

Watatu walikuwa wamekufa, wote kreti ya chini kabisa, ya mwisho ndani. Binti yangu hakuniambia neno hadi nyumbani, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kwetu tulikuwa tunamfunga kweli, siku kadhaa, hadi ajue pa kurudi. Kuku 61 huwezi kuwafunga kamba, unafunga banda. Wiki nzima wanabaki ndani, na maji, na chakula kilekile walichozoea. Hata mifuko ya chakula tuliihamisha ya Mzee. Viatu vya bandani havitoki nje, na kreti tuliziosha kwa dawa. Mayai yalishuka kutoka 40 kwa siku hadi 11, na ndiyo sababu trei zenu hamjaziona. Msinipigie.

Siku ya pili Mzee alipiga simu.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Wamefika wote?"

Nilikuwa nimejiandaa kusema ndiyo. Binti yangu alikuwa amekaa pembeni, ananiangalia.

"Wamefika 61, Baba."

Alinyamaza. "Kreti ya chini?"

"Ya chini."

"Lori la kufungwa?"

"La kufungwa."

Akapumua. Akasema mwaka wake wa kwanza huku yeye aliua 9 kwa namna hiyohiyo, na Bibi hakumsemesha siku nne. Kisha akataka asikie jogoo. Nikapeleka simu bandani, lakini jogoo alikuwa hajawika tangu tufike, akatutazama tu.

Aliwika siku ya tatu, saa 10 na dakika 40 alfajiri. Binti yangu alikimbia na simu akamrekodi, akamtumia Mzee palepale; Moshi ilikuwa saa 5 na dakika 40 asubuhi. Jibu lilikuja kabla sijarudi kulala. Anauliza kama tumeshawafungulia. Nikamjibu bado, Baba, zimebaki siku 4.