Kitalu nyumba chetu kiwe darasa kwanza



Tangu isemwe kwamba seminari yetu inafikiria kujenga kitalu nyumba, waamini wananiuliza swali moja baada ya Misa: tutavuna matenga mangapi ya nyanya? Ni haki yao kuuliza, kwani fedha zitatoka mifukoni mwao. Lakini mimi nafundisha baiolojia, na nadhani tumeanza na hesabu ya mwisho.

Vijana wetu wa kidato cha nne hukariri kanuni za urithi za Gregor Mendel bila kuugusa unga wa poleni. Wengi hawajui hata kwamba alikuwa padre, mtawa Mwagustino, aliyeanguka mara mbili mtihani wa ualimu. Abate wake, Cyril Napp, alimjengea kitalu nyumba monasterini kwao Brno, leo Jamhuri ya Czech. Kuanzia 1856 hadi 1863 Mendel alipanda maelfu ya njegere, nyingi bustanini. Baadhi aliziweka ndani ya kitalu wakati wa maua, wadudu wasizifikie, apate cha kulinganisha na zile za nje. Kitalu hicho hakikuwa cha kuuza mboga. Matokeo yalichapishwa 1866, na wataalamu walikuja kuyazingatia 1900, miaka 16 baada ya kifo chake.

Nasi tunaye mdudu wetu. Kantangaze alithibitishwa kuwepo nchini 2014, na kila mkulima wa nyanya vigangoni anamjua. Tupande nusu ya miche ndani ya wavu na nusu nje, mbegu ile ile, siku ile ile. Kila Jumamosi waseminari wahesabu majani yenye michirizi na matunda yaliyotobolewa, waandike na maji yaliyotumika, dawa iliyopigwa, joto la saa nane mchana. Baada ya misimu mitatu tutakuwa na jambo la kumweleza mkulima, na yeye atakuwa na la kutubishia.

Kuhusu ujenzi, tusiige Ulaya. Kule kitalu hujengwa ili kutunza joto. Kwetu kazi ni kulitoa. Pande ziwe za wavu wenye matundu madogo, na paa liwe na upenyo juu. Paa la mita 8 kwa 15 likiwekewa mifereji, mvua ya milimita 10 inaweza kutupa hadi lita 1,200 za maji.

Nina hofu moja. Nimewahi kuona kitalu cha taasisi fulani ambacho sasa mbuzi wanalala ndani. Nyanya zilipandwa msimu hadi msimu katika udongo ule ule mpaka mnyauko ukatia kambi, mapato yakakauka, kisha jua likaimaliza nailoni. Mfadhili alikuwa ameleta kila kitu isipokuwa fedha ya nailoni ya pili.

Wapo wanaosema seminari ni ya sala na vitabu. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya 2015, namba 214, anatarajia seminari na nyumba za malezi zifundishe maisha ya kiasi, kuwajali maskini na kutunza mazingira. Sijui tutafundishaje hayo ubaoni tu.

Kwa hiyo namwomba Baba Gombera na kamati: kabla ya kuchimbia nguzo ya kwanza, itengwe akaunti ya nailoni, na sehemu ya kila tenga litakalouzwa iingie humo. Kitalu kipewe vipindi kwenye ratiba ya masomo. Na tafadhali, kumwagilia kusiwe adhabu ya waliochelewa Masifu ya Asubuhi. Kijana anayeadhibiwa atajaza daftari lile kwa kubuni tu, akiwa ameketi kivulini.