Maji chini ya friji ya dukani si ya kudeki tu

Bila shaka umewahi kuona boksi lililotandazwa sakafuni mbele ya friji ya duka. Limeloa, limechakaa, na kila anayefuata maziwa au soseji analikanyaga. Ukiangalia chini, muuzaji anakwambia, "Ni maji tu hayo mama, pita." Leo nakuomba usipite haraka.

Kila mlango wa friji unapofunguliwa, hewa yenye unyevu inaingia, na kwa joto la Dar es Salaam au Tanga unyevu huo si haba. Ukigusa koili za baridi unageuka matone, yanadondokea kwenye trei, kisha yanatoka nje kwa mpira mwembamba ulioko nyuma. Mpira ukizibwa na vumbi, vipande vya nailoni, maziwa yaliyomwagika na ule utelezi kama makamasi, maji yanabaki ndani au yanamwagika sakafuni.

Ndani ya utelezi huo anaweza kuishi bakteria aitwaye listeria. Wengi tunaamini baridi huzuia vijidudu, na kwa vingi ni kweli. Huyu anaendelea kuzaliana taratibu hata ndani ya friji. Mwaka 2011 nchini Marekani watu 147 waliugua na 33 walifariki kwa kula matikiti ya shamba la Jensen Farms, jimbo la Colorado. Wakaguzi walikuta kasoro kadhaa katika jengo la kufungashia, na mojawapo ilikuwa mahali lilipowekwa bomba la kutolea maji ya mtambo wa kupoza: liliacha maji yatuame sakafuni karibu na mashine. Afrika Kusini nako, mwaka 2017 na 2018, bakteria huyo huyo aliua zaidi ya watu 200 kupitia polony, wakiwemo watoto wachanga wengi.

Ndiyo maana nilikasirika siku nilipomwona fundi akizibua friji ya bucha moja jirani na kwangu. Alichomeka mpira wa kompresa ya kujazia upepo matairi, akafungulia. Uchafu ulitoka kweli, lakini ulirukia ndani, juu ya soseji ambazo hakuna aliyejali kuziondoa. Dakika kumi baadaye zilikuwa zinauzwa.

Kifaa kinachofaa ni cha kuvuta, si cha kupuliza: mashine ya kufyonza maji, ifungwe kwenye mdomo wa nje wa mpira, au pampu ndogo ya mkono kwa mwenye duka dogo. Ikifuata brashi ndefu nyembamba ya kusugua ndani, kisha maji ya moto, kazi imekamilika. Kwa friza ambayo mpira wake umeganda barafu, maji ya moto yanatosha. Wanaochokonoa kwa bisibisi hutoboa koili. Na chochote kitakachotumika, chakula kitolewe kwanza na trei ioshwe mwishoni. Mwenye duka atalalamika gharama. Mimi nasema aliyeweza kununua friji ya milango mitatu hashindwi kununua pampu.

Wewe mama mjamzito, jambo hili linakuhusu kuliko wengine. Listeria inaweza kukupa homa ndogo na maumivu ya misuli tu, huku mtoto tumboni yuko hatarini: mimba kutoka, kuzaliwa kabla ya wakati, au kuzaliwa akiwa mgonjwa. Wazee na wenye kinga dhaifu nao wajihadhari. Soseji na polony zipashe moto hadi zifuke mvuke. Maziwa mabichi yachemshe. Pakiti iliyoloa maji ya friji iache hapo hapo, hata kama ndiyo ya mwisho.

Ukipata homa na kipimo cha malaria kikaonyesha huna, mwambie daktari una mimba na umekula nini, hata kama ni wiki kadhaa zilizopita, maana ugonjwa huu huchelewa kujitokeza. Ukigundulika mapema unatibika kwa antibayotiki.

Na lile boksi, muulize muuzaji lina siku ngapi pale. Akisema limezoeleka, mpigie afisa afya wa kata. Kukagua duka hilo ni kazi yake.