Hofu Siyo Malezi: Vijana Wetu na Pikipiki



Juma hili tunapenda kutafakari jambo linaloletwa mbele yetu karibu kila Dominika baada ya Misa. Mzazi husogea pembeni, hushusha sauti, na kutuomba tumkumbuke katika sala kijana wake ambaye "ameanza pikipiki". Hasemi kwamba kijana ni mgonjwa, wala hasemi kwamba amekuwa mwizi. Anasema tu ameanza pikipiki, na inatosha kueleza usingizi wote anaoukosa.

Hofu hiyo tunaiheshimu, kwa maana ina msingi. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba ajali za barabarani ndizo chanzo kikuu cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 ulimwenguni, na kwamba mwaka 2021 pekee zilikatisha maisha ya watu wapatao milioni 1.19. Karibu zaidi na kwetu, mwaka 2010 madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha utafiti wao juu ya majeruhi wa pikipiki na kulitaja jambo hilo kuwa tatizo linalochomoza la afya ya jamii, linalodai hatua za haraka. Mzazi wa Rubwera, wa Nkwenda au wa Murongo anayeogopa, haogopi kivuli.

Hata hivyo, hatuwezi kuishia katika kumhurumia mzazi. Tunasema wazi, na atakayeudhika atuvumilie: hofu hii kwa wengi wetu imekuja ikiwa imechelewa, na tena imeelekezwa mahali pasipo pake.

Tazameni yanayotendeka vijijini mwetu. Mtoto wa miaka 14 anakabidhiwa pikipiki ya baba yake apeleke mkungu wa ndizi sokoni. Anatumwa dukani kufuata sukari. Siku ya msiba anatumwa kuwapasha habari ndugu walio kijiji cha pili. Jirani akiuliza, baba hujibu kwa fahari, "Huyu amekuwa mwanaume." Mtoto huyo hana leseni, wala hawezi kupewa. Hakuna aliyemfundisha, ila aliwatazama wakubwa na kuiga. Miaka minne baadaye anaposema anataka kujiunga na kijiwe cha bodaboda apate riziki, nyumba nzima inaingia katika simanzi. Tunauliza: hatari ilianza lini? Je, barabara ilikuwa salama wakati ndizi zilikuwa za baba, ikageuka kuwa ya mauti siku abiria alipokuwa wa kijana?

Wapo wazazi wanaodhani dawa ni kukataza. "Katika nyumba yangu hakuna atakayegusa pikipiki." Ni maneno ya upendo, lakini hayazai matunda yanayotarajiwa. Kijana aliyekatazwa nyumbani hujifunzia kwa rafiki, jioni, katika uwanja wa mpira au njia ya migombani, juu ya chombo cha kuazima, akiwa na haraka ya kukirudisha kabla mwenyewe hajakihitaji. Hujifunza kwa kujificha, na anayejifunza kwa kujificha hana wa kumwuliza anapokosea. Katika shule ya namna hiyo hufundishwa klachi, gia na mafuta. Yaani hufundishwa kuondoka. Kusimama hafundishwi.

Nako kusimama ndiko kwenye uhai. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali ambao breki zinahitaji ili kukisimamisha chombo huongezeka mara nne. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa zaidi, lakini anayeibana kwa ghafla juu ya changarawe, au juu ya udongo wetu mwekundu ulioloa mvua, gurudumu humtoroka na kumwangusha. Pikipiki iliyobeba gunia la kahawa haipindi kona kama ile iliyo tupu. Wakati wa kiangazi, vumbi la lori lililotangulia huficha gari linalokuja. Mambo haya yanafundishika, na hayahitaji kijana mwenye kipaji. Yanahitaji mwalimu, uwanja, na saa kadhaa za uvumilivu.

Wapo wengine ambao kosa lao ni kinyume cha hilo. Hawa hawakatazi: wananunua. Kijana amemaliza kidato cha nne, matokeo hayakuwa mazuri, anakaa nyumbani, wazazi wanaona aibu. Basi baba anaiuza kahawa kwa butura, ingali mbichi mtini, kwa bei ya kuumiza, ili apate fedha za pikipiki. Familia inapoteza sehemu ya mavuno ya mwaka mzima, kisha inamkabidhi kijana ufunguo bila leseni, bila mafunzo, na mara nyingi bila kofia ngumu, kwa kuwa "fedha zimekwisha". Tunastaajabu! Fedha za chombo zimepatikana, hata kwa kuuza kahawa ambayo haijaiva. Fedha za kukilinda kichwa cha mtoto ndizo zilizokosekana. Huo si ukarimu wa mzazi kwa mwanawe. Ni kumtupia kijana mzigo wa umaskini wa nyumba na kumwambia akimbie nao.

Isieleweke kwamba tunaidharau kazi hii. Neno lenyewe bodaboda lilizaliwa mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, ambako vijana wa miaka ya 1960 waliwavusha watu kwa baiskeli kutoka mpaka hadi mpaka. Hapa kwetu pikipiki humfikisha mama mjamzito kwenye kituo cha afya usiku wa manane, ambapo gari halipatikani. Imewapa vijana wengi chakula, nyumba, na hata ada za wadogo zao. Ni kazi halali, na kanuni za mwaka 2010 za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji ziliipa nafasi yake katika sheria. Kwa sababu hiyo hiyo tunadai iheshimiwe kama kazi nyingine. Hakuna anayempa fundi seremala msumeno na kumwambia atajifunzia katika mlango wa mteja.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka kila anayeendesha chombo cha moto barabarani awe na leseni, na anayejifunza awe na leseni ya kujifunzia. Inamkataza pia mwenye chombo kumruhusu asiye na leseni akiendeshe. Wengi husikia neno "sheria" na kumfikiria askari aliyesimama njia panda. Basi humpitisha kijana njia ya migombani, na kujipongeza. Lakini askari siye anayehatarishwa. Bima nazo huweka sharti kwamba mwendeshaji awe na leseni. Siku mtoto asiye nayo anapomgonga bibi kizee aliyetoka kisimani, ni familia mbili zinazoangamia: moja hospitalini, nyingine kwa kuuza shamba.

Na hapa tuwageukie wengine ambao hujificha nyuma ya lawama za vijana. Mwenye pikipiki unayetaka hesabu yako kila jioni bila kujali mvua wala ugonjwa, unajua kijana huyo atakimbia kwa sababu ya hesabu hiyo. Umempangia mwendo wake ukiwa umekaa sebuleni. Abiria unayemwambia dereva "kaza, nimechelewa", kisha unakubali kupakiwa mshikaki watu watatu na mtoto mgongoni, huna haki ya kusema kesho yake kwamba vijana wa siku hizi hawana akili. Dereva mwangalifu hupita kijiweni akiwa hana abiria, kwa kuwa mmemchagua mwenzake anayekwenda kasi. Vijana hujifunza upesi ni tabia gani inayolipwa.

Kanisa halijanyamaza juu ya jambo hili. Katekisimu, katika namba 2290, inawahesabia hatia nzito wale ambao kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi wanahatarisha maisha yao na ya wengine barabarani. Mwaka 2007 Baraza la Kipapa lililoshughulikia wahamiaji na wasafiri lilitoa mwongozo wa kichungaji kuhusu barabara, ukiwa na amri kumi za madereva, na ya kwanza ni ile ile ya Sinai: usiue. Maana yake, kofia ngumu, mwendo wa kiasi na leseni si mambo ya polisi peke yao. Ni mambo ya kuungama.

Tunasema hivyo kwa sababu tunaletewa pikipiki zibarikiwe, nasi tunazibariki kwa furaha. Lakini baraka haichukui nafasi ya breki. Rozari iliyofungwa kwenye usukani haimkingi kijana ambaye kofia yake imetundikwa hapo hapo kando ya rozari. Kumwomba Mungu atende lile ambalo mzazi amekataa kulitenda ni kumjaribu Bwana.

Tufanye nini basi? Kwanza, asitumwe kwa pikipiki mtoto ambaye hajafikia umri wa leseni, hata kama ni dukani tu. Pili, kijana aliyefikia umri na kuitamani kazi hii asikatazwe wala asiachiwe. Apelekwe kwa mkufunzi anayetambulika, na ada ya mafunzo, leseni na kofia mbili, yaani yake na ya abiria, zihesabiwe ndani ya bei ya chombo. Zikikosekana, chombo bado hakijanunuliwa. Tatu, Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo huchangishana kwa haraka ya kusifika penye jeneza, zichangishane mapema kwa ajili ya kijana mmoja mmoja apate mafunzo. Mchango wa msiba hautamrudisha. Nne, wamiliki wakae na vijana wao na kupanga hesabu ambayo mtu anaweza kuitimiza bila kukimbizana na kifo.

Na mabinti tusiwasahau. Wao ndio wanaopanda nyuma kila siku kwenda sekondari, bila kofia, na hakuna aliyewahi kuwafundisha kwamba wanayo haki ya kumwambia dereva, "Kaka, punguza mwendo, la sivyo nishushe hapa." Wafundisheni kusema hivyo. Na wakisema, msiwaone wana jeuri.

Wazazi wapendwa, kijana wenu hasomi hofu iliyomo mioyoni mwenu. Anasoma mnayomruhusu na mnayomlipia. Machozi yenu usiku hayamfikii akiwa kwenye kona ya Nkwenda. Kinachomfikia huko ni yale mliyomfundisha kabla hajapewa ufunguo.

Bwana awalinde wasafiri wote, wanaoendesha na wanaopakiwa. Tuwatakie Dominika njema.