Waliopandikizwa meno wapewe kadi



Nina dukuduku langu kuhusu meno ya kupandikiza, yaani yale yanayoshikiliwa na skrubu ya titaniamu ndani ya mfupa wa taya.

Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Mwera, wilayani Pangani. Miaka michache iliyopita nilipandikizwa jino mjini kwa fedha walizonichangia wanangu. Nililipa, nikaambiwa, "Mzee, hilo ni la maisha," nikarudi nyumbani bila hata kipande cha karatasi. Mwaka huu fizi ilivimba, nikavuka mto kwenda kutafuta tiba. Tabibu akaniuliza: ni chuma gani hiki, na nani amekitengeneza? Sikuwa na jibu.

Swali lake lilikuwa na maana. Sisi watu wa pwani twajua bati linavyoliwa na chumvi. Titaniamu hailiki hivyo, kwa kuwa hujifunika utando mwembamba sana unaoilinda. Ndiyo maana imesifika tangu Profesa Brånemark wa Sweden alipomwekea mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965. Lakini utando huo huweza kuchubuka: skrubu inapokazwa, kwa asidi ya vijidudu vya uchafu wa meno, au inapokwanguliwa kwa vyombo vya chuma wakati wa kusafishwa. Hapo chembe zisizoonekana kwa macho huingia katika fizi na mfupa. Wataalamu wamezikuta humo, hasa kwa wagonjwa wenye uvimbe. Kama chembe ndizo zinazoleta uvimbe, au uvimbe ndio unaozitoa chembe, wao wenyewe bado wanabishana.

Sisemi watu wayakimbie meno haya, wengi yamewafaa. Ila tabibu asiyejua kilichomo kinywani ataweza kukikwangua kwa ncha ya chuma, mahali pa plastiki, na kuzidisha chembe hizo.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, sheria ya mwaka 2017 iliyoanza kutumika 2021 inataka mgonjwa apewe kadi ya kipandikizi chake. Nasi tunayo Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba na tunalo Baraza la Madaktari. Naziomba mamlaka hizi zihakikishe kila anayepandikizwa jino anapewa kadi yenye aina ya madini, jina la mtengenezaji, namba ya toleo na tarehe, pamoja na maelezo ya lini arudi kuchunguzwa.

Ukinunua redio dukani unapewa stakabadhi na dhamana. Iweje chuma kinachokaa ndani ya taya ya mtu kikose karatasi?

Naomba wahusika watujibu kupitia ukurasa huu.

Mwalimu Mstaafu,
Mwera, Pangani,
TANGA.