KARAKANA YETU: Malame mbili zaidi, na freni je?

Mwezi huu tuingie chini ya motokari, upande wa nyuma. Wengi katika miji yetu ya migodi, toka Kipushi na Likasi mpaka Kolwezi, wanaishi kwa pikapu: Hilux ya zamani ao Land Cruiser iliyokwisha kuchoka na kazi ya watu wengine. Asubuhi inabeba simenti, mangaribi inaleta makala na bunga, na siku ya Mungu jamaa nzima inapanda nyuma kwenda kwenye ndoa ao kilio.

Kisha siku moja nyuma inaanza kulala. Ukiweka mzigo, mpira unagusa bodi na taa za mbele zinaangalia juu kwenye miti. Unaipeleka kwa fundi, naye anasema: "Papa, tuongeze malame mbili tu, itabeba muzuri." Mara nyingi anasema kweli. Itabeba. Lakini itasimama? Swali hilo watu hawaliulizi, na ni lile tunataka kuongea leo.

Tuanze na resori yenyewe. Pikapu hizi nyuma zina malame ya chuma yaliyopangwa moja juu ya nyingine. Ile ndefu ya juu ina macho mawili, moja mbele na moja nyuma, ndiyo inayofungwa kwenye shasi. Zile za chini ni fupi zaidi. Mara nyingi ya mwisho ni nene na karibu imenyooka. Hiyo inalala bila kazi mpaka mzigo mzito unapoingia. Yote inafungwa kwenye ponti na bulo zenye umbo la U. Baada ya miaka ya mizigo na mashimo, chuma kinachoka, upinde wake unapotea. Hakuna ajabu.

Kama unaongeza ao kubadilisha, fanya pande zote mbili sawasawa, hata kama upande mmoja tu umelala. Usirudishe bulo za U za zamani, kwa sababu zikikazwa mara moja zinavutika na hazishiki tena kama mwanzo. Na lame iliyokatika usikubali iungwe kwa sudire. Chuma cha resori kimepikwa kwa moto wa kipimo chake. Moto wa sudire unaharibu upishi huo, na lame itakatika tena pembeni ya kiungo, pengine usiku, pengine ukiwa na watoto nyuma. Tunaona sudire hizo kila siku. Haifai.

Jambo lingine: malame magumu sana ni mateso wakati motokari iko bure. Kwenye njia ya vumbi yenye migongo-migongo, nyuma inarukaruka. Mpira ambao hauko chini haushiki njia, na hata freni nzuri namna gani haiwezi kusimamisha mpira ulio hewani. Basi, amortisere nazo ziangaliwe siku ile ile.

Sasa uzito. Tafuta kibao kidogo cha chuma, kwenye mlango ao ndani ya kapo, ao soma karte rose: utaona PTAC, ni kusema uzito wote unaoruhusiwa, motokari pamoja na mzigo na watu. Tuseme PTAC ni kilo 2.800 na motokari tupu ni kilo 1.800. Basi unabakiwa na kilo 1.000, na shofere yumo ndani ya hesabu hiyo. Mifuko ya simenti ya kilo 50, mifuko 20 ni tani moja, imekwisha. Pipa la mazuti la litri 200 ni karibu kilo 190. Watu watano wanaokaa juu ya mifuko ni kama kilo 300, na hao wengi wetu hatuwahesabu kabisa, kama vile mtu hana uzito.

Malame mapya hayabadilishi kibao hicho. Ponti ni ile ile, mipira ni ile ile, freni ni zile zile. Kitu kimoja tu kimebadilika: motokari haionyeshi tena kwamba imelemewa. Mbele ilikuwa inalala na kila mtu aliona. Sasa inasimama wima kama askari, na tani moja na nusu iko juu.

Freni kazi yake ni kugeuza mwendo kuwa moto. Uzito ukiwa mara mbili, moto ni mara mbili. Lakini mwendo ukitoka kilomita 40 kwa saa kufika 80, moto ni mara inne. Ndugu zetu wanaoshuka milima ya njia ya Kamituga wanalijua hili kwa miguu yao: unakanyaga mara ya kwanza inashika, mara ya tano inanuka, mara ya kumi pedali iko pale lakini motokari inaendelea. Ndiyo sababu mlima unashukwa kwa vitesi vya chini, injini ishike kazi yake, freni ipumzike.

Sasa tufike kwenye kitu ambacho vijana wengi wa garage hawakukitazama vizuri, ingawa kiko mbele ya macho yao. Lala chini ya Hilux ya malame, ao Land Cruiser za namna ile. Kwenye nyingi utaona, kwenye shasi juu ya ponti ya nyuma, valvu ndogo inayopitisha mafuta ya freni, na kijiti cha chuma kinachotoka pale mpaka kwenye ponti. Mafundi wanaiita repartitere. Motokari ikiwa bure, shasi iko juu mbali na ponti, na valvu inapunguza nguvu ya freni za nyuma. Inafanya hivyo kwa akili: nyuma ni nyepesi, na ukiipa nguvu nyingi magurudumu yatakwama na motokari itageuka kichwa kuwa mkia. Ukiweka mzigo, shasi inashuka, kijiti kinasukuma, valvu inafungua, na freni za nyuma zinapata nguvu yao yote.

Umeelewa tunakoenda. Umeongeza malame mbili. Umeweka tani moja, na nyuma haikushuka. Kijiti hakijui kitu kuhusu simenti yako. Kinajua tu umbali kati ya shasi na ponti. Kinasema: motokari iko bure. Na valvu inapunguza freni za nyuma siku ile ile unapozihitaji zaidi. Kazi yote inabaki mbele, mbele inapata moto, na shofere anasema freni "zimechoka" kumbe za nyuma hazikuitwa kazini.

Wengine wanajua hilo na wanalitengeneza kwa waya: wanafunga kijiti juu, valvu ikae wazi siku zote. Hiyo ni hatari ya upande wa pili. Siku utakaporudi bure, mvua imenyesha, njia ni matope mekundu, ukikanyaga kidogo nyuma inakwama na unajikuta unaangalia kule ulikotoka, na lori la shaba linakuja.

Njia nzuri ni hii. Kabla ya kufungua bulo moja, pima motokari ikiwa bure: toka ponti mpaka shasi ni sentimita ngapi? Andika. Baada ya kazi pima tena. Kama imepanda sentimita 5, kishikio cha kijiti kwenye ponti nacho kipandishwe sentimita 5, kwa kipande cha chuma kilichofungwa kwa bulo, imara. Lakini malame magumu yanashuka kidogo kuliko ya zamani hata chini ya mzigo ule ule, kwa hiyo kipimo hicho ni mwanzo tu. Garage yenye manometa ya freni inaweza kurekebisha kwa kufuata kitabu cha motokari, bure na ikiwa na mzigo. Lipa kazi hiyo. Na angalia pia tiyo laini ya freni inayoshuka kwenye ponti: ponti ikining'inia kabisa, tiyo isivutike. Ikivutika, nunua ndefu.

Watu wanauliza: si afazali kutoa tamburi za nyuma na kuweka diski? Diski ni nzuri, inapoa upesi na haishiki matope kama tamburi. Lakini inaomba mafuta mengine toka silinda kubwa, inabadilisha ugawaji wa nguvu, na mara nyingi freni ya mukono inapotea katika mabadiliko. Pikapu bila freni ya mukono, kwenye mulima, na watoto wanaocheza nyuma yake, mimi sitaki. Kwa falanga za familia, tunaona afazali tamburi zilizotengenezwa vizuri. Ndani ya tamburi imeandikwa kipenyo cha mwisho. Ikipita pale, itupwe. Garnitiri mpya pande zote mbili. Silinda ndogo zisivuje hata tone. Kile chombo kinachojikaza chenyewe, ambacho vumbi yetu linakigandisha, kifunguliwe, kisafishwe, kifanye kazi. Na mafuta ya freni yabadilishwe yote kila miaka 2, maana yanakunywa maji ya hewa: DOT 4 mpya inachemka kwenye digri 230, ile iliyokunywa maji inaweza kushuka mpaka karibu 155. Mafuta yakichemka, pedali inaenda chini kama mguu ndani ya tope.

Kijana unayejifunza kazi, neno moja: vumbi jeusi la ndani ya tamburi usilipulize kwa kompresere wala kwa kinywa. Garnitiri nyingi za zamani zilikuwa na amiante, na hiyo inaua mapafu polepole, miaka mingi baadaye. Lowesha kwa maji, pangusa kwa kitambaa, tupa kitambaa.

Kama falanga zinatosha kazi moja tu mwezi huu, fanya freni kwanza na ubebe mifuko 15 badala ya 30. Malame yatangoja.

Kazi ikiisha, usiende moja kwa moja kwenye njia kubwa. Tafuta mahali pa wazi pasipo watu, bure kwanza, kilomita 40 kwa saa, kanyaga. Inavuta upande? Nyuma inakwama mbele ya zote? Rudi kwa fundi. Kisha fanya tena na nusu ya mzigo, mwishowe na mzigo wote unaoruhusiwa, bila abiria juu. Baada ya kilomita 500 bulo za U zikazwe tena, na uangalie chupa ya mafuta ya freni kama haikushuka.